Askari wa Kale Katika Mchezo wa Vita: Ukweli ni Upi?

Msafiri atokaye Bunia kwenda Beni au Kisangani hana budi kupita Komanda, maana hapo ndipo njia hugawanyika. Magari husimama, wachuuzi hupita na ndizi zao, na vijana hukusanyika katika vibanda vya kuchaji simu. Jioni moja tuliingia katika kibanda kimojawapo, tukawakuta vijana wanne wameinamia kompyuta moja iliyokwisha kuchakaa. Walikuwa wakicheza mchezo wa vita. Mmoja wao, ambaye tulimfundisha miaka ya nyuma, alisimama, akatuamkia kwa adabu, kisha akasema: “Mwalimu, hawa ni askari wa Kush, watu weusi kama sisi. Nami nataka kuwaongeza askari wa babu zetu wa Ituri na wa Uele. Je, walishika silaha gani?”

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe juma moja, maana swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Kwa wasomaji wasiojua mambo haya, yafaa tueleze kidogo. Mchezo ule huitwa 0 A.D. Umetungwa na watu wa kujitolea, nao hutolewa bure. Mchezaji hujenga mji, hulima mashamba, huchimba madini na kuunda jeshi. Tena kila mwenye ujuzi huruhusiwa kuongeza mambo yake mwenyewe: taifa jipya, silaha mpya, mavazi mapya. Nyongeza za namna hiyo wachezaji huziita modi. Taifa la Kush, lililokuwa katika nchi ya Sudan ya leo, liliingizwa humo mwaka 2018.

Mashahidi wa Kush

Aliyewachora askari wa Kush hakuwa na haja ya kubuni, maana mashahidi wapo. Wamisri wa kale waliiita nchi ya Nubia Ta-Seti, yaani Nchi ya Upinde. Huko Asyut, katika kaburi la mkubwa mmoja aliyeitwa Mesehti, zilikutwa sanamu ndogo za mti za wapiga upinde 40 wa Kinubi, zilizochongwa yapata miaka 2000 kabla ya Kristo. Wamesimama safu kwa safu, kila mmoja na upinde mkono mmoja na mishale mkono wa pili. Mfalme Piye wa Kush, aliyeiteka Misri katika karne ya 8 kabla ya Kristo, aliandikisha habari za vita vyake juu ya jiwe kubwa huko Jebel Barkal. Humo twasoma kwamba, alipouingia mji wa Hermopolis, alikasirika sana kuona farasi wa adui wake wameachwa na njaa. Basi, huyo si mshenzi apiganaye ovyo. Ni mfalme ajuaye thamani ya farasi.

Yuko shahidi mwingine, Strabo Mgiriki, aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto. Yeye asema kwamba askari wa Kush waliopigana na Warumi walikuwa na ngao kubwa za ngozi mbichi ya ng’ombe, na kwamba wengine walishika mashoka tu, wengine mikuki, wengine panga. Lakini Strabo alikuwa rafiki wa Aelius Gallus, liwali wa Kirumi wa Misri. Shahidi wa upande mmoja hasikilizwi peke yake. Mwaka 1910 wachimbaji walifukua huko Meroe kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto huyo huyo, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu ili kila apandaye akikanyage. Hivyo ardhi nayo ilitoa ushuhuda wake kwa upande wa Kush.

Ngao za Kongo

Mchezo mwingine, Civilization VI wa mwaka 2016, una ufalme wa Kongo chini ya Mvemba a Nzinga, yule mfalme Mkristo Afonso wa Kwanza aliyeanza kutawala mwaka 1509. Askari wake mashuhuri mchezoni huitwa Ngao Mbeba. Yeye hustahimili mishale, tena hupita msituni pasipo kuchelewa.

Wabeba ngao walikuwako kweli katika majeshi ya Kongo, na Wareno wamewaandika. Lakini walikuwa wateule wachache. Katika vita vya Mbwila, tarehe 29 Oktoba 1665, ambamo mfalme António wa Kwanza aliuawa, walikuwa wachache kuliko wapiga mishale, ambao walikuwa maelfu. Walikuwako pia wapiga bunduki mia kadhaa. Mchezo humruhusu mtu kuunda jeshi zima la wabeba ngao. Hapo kitu chenyewe ni cha kweli, lakini kipimo chake si cha kweli. Kosa la namna hiyo ni gumu kulitambua kuliko uongo mtupu.

Na huku kwetu?

Juma lilipokwisha tulimwita kijana yule nyumbani, naye akaja na daftari lake. Alikuwa amechora askari mmoja: mkononi kisu cha kurusha chenye matawi, kifuani ngao ya mbao, mgongoni podo la mishale. Chini yake ameandika: “Askari wa Ituri, mwaka 300 kabla ya Kristo.”

Tulimwambia: “Mwanangu, umewachanganya watu watatu katika mwili mmoja.”

Kile kisu cha matawi ni kpinga ya Azande. Shujaa wa Kizande alivichukua visu kadhaa nyuma ya ngao yake, nayo ngao hiyo haikuwa ya mbao, bali ilisukwa kama kikapu. Ngao ndefu ya ubao ni ya Wamangbetu, ambao Georg Schweinfurth aliwatembelea katika baraza la mfalme Mbunza mwaka 1870. Ama upinde na mishale ya sumu, hizo zilikuwa silaha za msitu wetu. Mwezi wa Agosti 1887, msafara wa Stanley ulipokuwa ukipanda mto Ituri, Luteni Stairs alichomwa mshale wa sumu kifuani huko Avisibba. Yeye alipona, lakini wenzake kadhaa walikufa kwa majeraha yao.

Kisha kuna jambo la wakati. Habari hizo zote ni za karne ya 19. Toka Strabo hadi Schweinfurth ni miaka zaidi ya 1800. Kwa zama za kale za huku kwetu, shahidi mkuu ni pango la Matupi katika mlima Hoyo, kusini mwa Komanda. Wataalamu walichimba humo katika miaka ya 1970, wakakuta vijiwe vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, vingine vya miaka zaidi ya 40,000. Hivyo ni vyombo vya wawindaji. Havitaji jeshi wala mfalme.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Basi babu zetu hawakuwa mashujaa?”

Tulimsomea mambo ambayo Mwingereza Evans-Pritchard aliyaandika katika gazeti la wataalamu Anthropos mwaka 1957 juu ya vita vya Azande. Vikosi vya mfalme vilikuwa vya namna mbili: vijana wasiooa na watu wazima wenye wake. Vikosi hivyo hivyo ndivyo vilivyolima mashamba ya mfalme, na mavuno yale yakawalisha wageni barazani. Shujaa alikuwa mkulima kwanza. Mchezo wa 0 A.D., katika jambo hilo, wakaribia ukweli, maana askari wake hukata miti na kuvuna nafaka.

Faida ya ukweli

Labda msomaji atasema kwamba hayo ni mabishano ya bure. Mji huu wa Komanda ulizika watu zaidi ya 40 mwezi wa Julai 2025, wengi wao waumini waliouawa kanisani katika mkesha wa sala. Mji wenye kilio kama hicho una haja gani ya askari wa mchezoni?

Sisi twaona haja ipo. Mara ngapi tumesikia watu wakisema kwamba kabila fulani na kabila fulani ni maadui tangu mwanzo wa dunia, na kwamba kazi ya babu zao ilikuwa kuua? Maneno hayo hupokewa pasipo ushahidi, kama mchoro ule wa daftari. Mtoto aliyefundishwa kuuliza “Nani aliona? Wapi? Mwaka gani?” juu ya ngao na mkuki atauliza vivyo hivyo siku atakapoletewa maneno ya chuki. Kwa hiyo, wazazi, msiwafukuze watoto kwenye kompyuta kwa fimbo tu. Kaeni karibu nao, mkaulize nao maswali hayo matatu.

Kijana wetu alirudi baada ya siku chache. Askari mmoja amekuwa watatu, kila mmoja na kabila lake na karne yake. Kwa yule Mzande alikuwa ameongeza kitu ambacho hatukumwagiza: jembe.