Kurekodi Gitaa la Kwaya kwa Kompyuta

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Sacrosanctum Concilium (1963), uliruhusu ala nyingine mbali na kinanda cha mabomba, mradi zifae ibada. Kwaya zetu, kutoka Arusha mjini hadi vigango vya miteremko ya Meru, hupiga gitaa la umeme. Kulirekodi ndipo fedha ya waamini hupotea.

Tundu la maikrofoni la kompyuta hulidhoofisha gitaa, sauti ikafifia. Nunueni intafesi ya USB yenye tundu la ala, lenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Focusrite Scarlett Solo, kwa mfano, inalo. Hutumia umeme wa kompyuta: TANESCO wakikata, kompyuta ya mkononi yenye chaji huendelea.

Ongezeni programu inayoiga amplifaya na spika, la sivyo gitaa litakwaruza kama bati. Zipo za bure.