Kadhi aliyemsaidia mmishonari: Wema wa jirani katika Mombasa ya 1844

JINA la Johann Ludwig Krapf hutajwa mara kwa mara panapozungumzwa historia ya Ukristo pwani ya Kenya. Ni nadra kutajwa Sheikh Ali bin Muhiddin, aliyekuwa kadhi wa Mombasa, ingawa bila yeye kazi ya kwanza ya mmishonari huyo ingekuwa ngumu mno.

Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamishonari wa Kianglikana cha CMS, aliwasili Mombasa mwaka wa 1844 baada ya kazi yake Uhabeshi kuzuiwa. Alikuja na barua ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja, iliyowataka maliwali wa pwani wampokee vyema na kumsaidia. Sultani alijua fika kwamba mgeni huyo alikusudia kueneza dini nyingine. Barua aliitoa vivyo hivyo.

Mnamo Juni mwaka huo, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi. Si jambo dogo. Kadhi ni hakimu wa sheria ya Kiislamu, mtu ambaye mji mzima humtazama. Lakini habari za kuumbwa kwa mbingu na nchi, za Adamu na za Nuhu, hazikuwa ngeni kwake, na huenda ndiyo sababu watu hao wawili waliweza kukaa pamoja juu ya kitabu kimoja, kabla ya kufika mahali dini zao zinapoachana. Sura 3 za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847.

Furaha ya kazi hiyo haikudumu. Homa iliwashika Krapf na mkewe, Rosine, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Rosine alifariki Julai 13, 1844, na kitoto hicho kikamfuata siku chache baadaye. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf, akiwa bado mgonjwa, aliwaandikia wakuu wake kuwa kaburi hilo ni ishara kwamba kazi imeanza. Hakuondoka.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Yesu aliulizwa jirani ni nani. Alijibu kwa kisa cha mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akapitwa na kuhani na Mlawi, kisha akaokolewa na Msamaria, mtu wa ibada ambayo wasikilizaji waliidharau. Wakristo wengi hukisoma kisa hiki kama amri ya kuwa Msamaria. Ni wachache wanaojiona kuwa yule aliyelala njiani, anayepaswa kupokea wema wa Mungu kutoka kwa mkono asioutarajia. Krapf mwenyewe aliandika maneno makali dhidi ya Uislamu, ilhali msaada wa Mwislamu ndio uliokuwa ukimfungulia lugha.

Swali hilo lilirudi kwa uchungu Agosti 2012, makanisa kadhaa ya Mombasa yaliposhambuliwa na vijana wenye ghadhabu baada ya kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo. Muumini ambaye kanisa lake limevunjwa vioo bado hununua mahamri na mbaazi kwa jirani Mwislamu, hupanda matatu moja naye, na watoto wao husoma darasa moja. Kusamehe mimbarani ni rahisi kuliko kuitikia salamu dukani asubuhi ya pili.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, sahani ya futari hupelekwa kwa jirani Mkristo magharibi inapoingia, na adabu ni kwamba sahani hairudishwi tupu.

Krapf alifariki mwaka wa 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata, imejaa maneno aliyofundishwa na wenyeji wa Mombasa.