Kidonda na Masikio Yake

Bandeji ikifunguliwa siku ya tano hivi, chini ya kidonda huonekana nyama nyekundu yenye punjepunje, inayotoka damu ikiguswa kidogo tu na shashi. Wekundu huo ni kapilari, mishipa ya damu midogo kuliko yote, iliyochipua kutoka mishipa mizima ya pembeni. Kwa muda huwa mingi kuliko ile ya ngozi isiyojeruhiwa. Kovu likikomaa, mingi hufa. Mwili una kazi mbili hapo, kuotesha na kukomesha. Ya pili haisifiwi na wengi.

Maelezo yaliyozoeleka huanza na oksijeni. Mishipa ikikatika, oksijeni hupungua, na protini iitwayo HIF-1, ambayo kwa kawaida huharibiwa mara tu inapotengenezwa, husalia na kuwasha jeni kadhaa. Moja ni ya VEGF, protini inayoziita seli za ukuta wa mishipa zigawanyike na kusogea. Ni kweli, ila haitoshi. VEGF ikizidi huzaa mishipa inayovuja, na mwito haufai kitu kwa seli isiyosikia.

Usikivu huo ndio hupangwa na mikroRNA, vipande vya RNA vyenye nyuklotidi 22 hivi ambavyo havitengenezi protini yoyote. Kimeng'enya kiitwacho Dicer hukikata kipande hicho, protini ya Argonaute hukibeba, kisha hutafutwa RNA tarishi, yaani nakala ya jeni yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Herufi za RNA hizo mbili zikioana, nakala hiyo huzuiwa kusomwa au huharibiwa. Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza jambo hili mwaka 1993 kwa mnyoo wa urefu wa milimita moja, na kwa miaka kadhaa likahesabiwa kuwa mambo ya minyoo. Nobel ilifika mwaka 2024.

Kwenye kidonda, mfano ulio wazi ni miR-200b. Ngozi ikiwa salama, hiyo hukandamiza protini iitwayo GATA2 pamoja na kipokezi cha VEGF, na seli za mishipa hukaa kama viziwi. Ngozi ikikatwa, kiwango chake hushuka kwa muda, masikio hufunguka na kapilari huchipua. Baadaye hupanda tena. Kwa panya wenye kisukari, protini ya uvimbe iitwayo TNF-alfa huzuia kushuka huko. VEGF huita, na hakuna anayeitika.

MiR-126 huelekea upande mwingine. Hukaa ndani ya seli za mishipa na kunyamazisha SPRED1 na PIK3R2, protini zinazopunguza nguvu ya mwito wa VEGF. Mpunguzaji akipunguzwa, mwito husikika zaidi.

Matata yako kwa miR-210, inayopandishwa na HIF-1 yenyewe. Katika seli za mishipa husaidia uchipuaji. Katika seli za ngozi ya juu hukandamiza protini iitwayo E2F3, na ngozi huchelewa kufunga. Anayetaka kuuza marhamu ya miR-210 aamue kwanza ni seli zipi atakazozikosea.

Hata hivyo majaribio yapo. MiR-92a huzuia mishipa kukua, hivyo ilitengenezwa MRG-110, uzi mfupi unaoishika na kuifunga. Iliharakisha kupona kwa vidonda vya panya na nguruwe, ambaye ngozi yake inakaribiana na yetu, kisha ikapelekwa kwa watu wenye afya na kushusha miR-92a katika damu yao. Kutoka hapo hadi mguu wa mgonjwa wa kisukari njia ni ndefu: mikroRNA moja hugusa nakala za jeni nyingi mno, na panya wameshapona magonjwa mengi ambayo binadamu bado anayo.

Mguu huo kwa sasa hutibiwa kwa kuondoa nyama iliyokufa, kuuondolea uzito wa mwili, kudhibiti sukari na maambukizi, na kuzibua mshipa mkubwa ulioziba. Kapilari, hata zikiota kwa maelfu, haziwezi kugawa damu ambayo haijafika.