Saa za Kufunga Transfoma: Tuzihesabu Wenyewe

Hapa Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, nishati si jambo geni. Tangu mwaka 1963 gesi ya methani ilivutwa kutoka ziwani, kwenye rasi ya Rubona, ikawasha boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mwaka 2008 gesi hiyo ikaanza kutoa umeme papo hapo Rubona, na leo mtambo wa Shema huko Busoro una uwezo wa megawati 56. Penye umeme pana transfoma. Bila transfoma umeme wa volti 30,000 au 15,000 wa njia kuu hauwezi kuendesha mashine ya chai inayotaka volti 400.

Transfoma hizo hufungwa na watu, na mara nyingi watu hao ni vibarua wa mkandarasi. Mkandarasi akitaka kupata kazi huandika makisio: watu wangapi, siku ngapi. Sisi hatuitwi. Tunaonyeshwa karatasi ikiwa imekwisha kupigwa muhuri.

Mchuma chai anafahamu jambo hili. Kilo zinazotakiwa huwekwa na mtu asiyebeba kikapu.

Basi tuhesabu. Watu 5 wakifanya kazi saa 8, hizo ni saa 40 za kazi, si 8. Tuseme tunafunga transfoma ya kVA 630, yenye uzito wa karibu tani mbili, juu ya msingi wa zege uliokwisha kukauka. Kuishusha, kuikagua na kuisogeza mpaka kwenye msingi: watu 5, saa 6, yaani 30. Kuinyanyua, kuipima kwa pimamaji na kukaza bolti: watu 5, saa 4, yaani 20. Kutayarisha vichwa vya kebo na kuunganisha: watu 3, saa 10, yaani 30. Hapo tumefika saa 80, ambazo ni siku mbili za kundi zima. Makisio mengi tuliyoyaona huishia hapo.

Lakini kazi haijaisha. Kuchimbia fito na waya wa ardhi, kisha kupima kama ardhi inapokea umeme vizuri: watu 3, saa 8, yaani 24, na penye mwamba ni zaidi. Kupima mafuta na kuangalia kama umeme unavuja: watu 2, saa 6, yaani 12. Kungoja kibali, kuzima njia, kufunga swichi kwa kufuli na kuhakikisha waya umekufa: watu 5, saa 4, yaani 20. Jumla inakuwa saa 136.

Saa 56 zilizoachwa ndizo zinazomlinda fundi asirudi nyumbani ndani ya sanduku. Kiwanda kina jenereta. Mtu akiiwasha bila kujua kwamba wenzake wako kazini, transfoma hugeuza kazi yake: volti 400 zikiingia upande wa chini, upande wa juu hutoka maelfu. Kufuli na waya wa ardhi huzuia hilo. Ukipewa siku mbili, hayo ndiyo utakayoambiwa uyaruke.

Kuikagua kuna maana pia. Transfoma za kawaida hutengenezwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460, ambako hewa ni nyepesi na hupoza kidogo. Kibati chake kisomwe ikiwa bado juu ya lori. Kuja kugundua baada ya kukaza bolti ni kuishusha tena, na saa hizo hakuna atakayezilipa.

Halafu kuna mvua. Tangi la mafuta halifunguliwi mvua ikinyesha, maana unyevu ukiingia mafuta hayafai tena. Mwezi wa Aprili mkandarasi husema mvua ni ya Mungu, basi malipo yakatwe. Sisi tunasema mtu aliyeitwa kazini akangoja chini ya turubai yuko kazini.

Tangu 2023 sheria ya kazi ya Rwanda inataja saa 40 kwa wiki; zamani zilikuwa 45. Watu 5 kwa wiki wana saa 200. Ukitoa 136 zinabaki 64 za mvua na za lori lililochelewa. Kazi hii basi ni ya wiki moja, bila kukesha.

Kila kundi liwe na daftari. Liandikwe saa ya kuanza, saa ya kuacha, nani alikuwapo na sababu ya kungoja, na msimamizi atie sahihi kila jioni. Viongozi wa matawi wayakusanye madaftari hayo kabla ya zabuni nyingine kutangazwa.