Michirizi Kahawia Inaanzia Ndani ya Seli

Shamba la muhogo katika tambarare za chini ya milima ya Usambara linaweza kupendeza kwa macho, mashina yamesimama na kisamvu kinachumwa, kumbe chakula kimeshaharibika ardhini. Ukimenya muhogo na kuukata vipande ndipo unapokuta madoa ya kahawia, makavu na magumu, yamesambaa kwenye nyama nyeupe. Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia, ulioelezwa kitaalamu mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki. Tumezoea kumlaumu nzi mweupe na pingili zenye maradhi, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini nzi ni msafirishaji tu. Hasara yenyewe inatengenezwa ndani ya seli, na huko wahusika wakuu ni protini zinazoshika RNA.

Virusi vya michirizi kahawia vina RNA badala ya DNA, wala havina mashine yao ya kutengeneza protini. Vinategemea ya muhogo. Katika seli nzima, RNA inayobeba maagizo ya jeni huvaa kofia ya kikemikali mwanzoni mwake. Protini iitwayo eIF4E ina kishimo kinachoibana kofia hiyo katikati ya bapa mbili za triptofani, kama kipande cha nyama kati ya vipande viwili vya mkate, kisha RNA hupelekwa kwenye ribosomu isomwe. Umbo hilo lilichorwa kwa undani mwaka 1997. RNA ya kirusi haina kofia. Mwanzoni mwake imegandishwa protini yake yenyewe, VPg, ambayo hujishikiza kwa ndugu wa eIF4E, na hivyo mgeni anapata huduma ya mwenyeji.

Atakayepinga atasema Amani haikuhitaji kujua lolote kati ya haya. Kweli, Storey na wenzake waliuzalisha muhogo na mpira wa Ceara, wakapata mbegu stahimilivu ambayo leo huitwa Namikonga Tanzania na Kaleso Kenya. Ila kazi hiyo ilianza miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1957, na kila uzalishaji huchanganya upya sifa zote, ikiwemo ladha ambayo mkulima hakutaka iguswe. Hoja nzito zaidi ni kwamba protini hizi ni za mmea, na ukizivunja utauumiza mmea wenyewe. Muhogo, hata hivyo, una ndugu watano wa jamii ya eIF4E. Watafiti nchini Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, walizima wawili kati yao kwa kuhariri jeni. Mimea iliendelea kukua, dalili zikachelewa na kuoza kwa mizizi kukapungua.

Kukapungua, hakukuisha. Kirusi kilipenya bado, pengine kwa kuwatumia ndugu waliobaki, na majaribio yalifanywa kwenye 60444, mbegu ya maabara ambayo hakuna soko la Muheza linaloiulizia. Kwa hiyo swali linalostahili fedha za utafiti sasa ni kama uhariri huohuo ukifanywa juu ya Namikonga, yenye ustahimilivu wake wa asili, ngome hizo mbili zitajumlika au moja itaifanya nyingine isiwe na kazi.