Kweli au Si Kweli: Je, Mtoto Huwa Vile Anavyotarajiwa?

"Jina humpa mtu tabia." Kweli, ila si kwa njia inayodhaniwa.

Katika familia nyingi za Kakamega, magharibi mwa Kenya, mtoto mchanga akilia usiku kucha na kukataa titi, wazee hukaa wakataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Tangu hapo kila afanyalo hulinganishwa na la mwenye jina. Akikasirika, watu husema ni kuka (babu) yake huyo, naye hakuwa mtu wa kuchokozwa. Akigawa mahindi yake ya kuchoma, anasifiwa kukhu (bibi) aliyezikwa kitambo.

Mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichunguza jambo la namna hii Kumasi, Ghana, akachapisha matokeo mwaka 1954. Waashanti humpa mtoto jina la siku aliyozaliwa, na waliamini mvulana wa Jumatatu ni mpole, wa Jumatano ni mkorofi. Katika kumbukumbu za mahakama ya watoto, wa Jumatatu walikuwa wachache, na wa Jumatano walizidi katika makosa ya kuumiza wenzao. Ninavyoona mimi, siku haikuwa na nguvu yoyote. Mtoto anayetarajiwa ugomvi hushukiwa kwanza na hukaripiwa kwanza, mpaka naye akazoea kujibu kwa ngumi.

"Dawa ya kweli ni chungu, au ni sindano." Si kweli, ingawa matarajio hupunguza maumivu.

Fabrizio Benedetti wa Italia na wenzake walionyesha kwamba dawa ya maumivu ikitolewa kwa mashine bila mgonjwa kujua, hutuliza kidogo kuliko akiiona ikitolewa. Lakini matarajio, yawe ya dawa chungu au ya sindano, hayaui ugonjwa. Kakamega malaria haikatiki mwaka mzima, na kimelea chake hakijui mgonjwa anaamini nini. Mtoto mwenye homa apimwe damu.

"Mwalimu akishakuona mjinga, umekwisha." Nusu kweli.

Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha kitabu kuhusu shule moja ya California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani wangechanua kimasomo mwaka huo, ilhali waliwachagua kwa bahati nasibu. Mwishoni, wale wa madarasa ya chini kabisa waliwapita wenzao katika mtihani wa akili. Uchunguzi wa baadaye ulikuta athari hiyo ni ndogo zaidi, lakini ipo.

Njia yake utaiona ukikaa darasani. Mwalimu anauliza 7 mara 8. Anayesifika kwa hesabu akisita, mwalimu anangoja, anampa dokezo. Anayeshika mkia akisita, swali linahamia dawati jingine kabla hajafungua mdomo. Hilo likirudiwa muhula baada ya muhula, wa pili anajifunza kuinamisha kichwa.

Kwa hiyo wengi wamehitimisha kwamba kumweka mtoto katika mkondo wa wenye alama za chini ni kumzika. Hapo ushahidi wa kwetu unakataa. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo nchini Kenya mwaka 2003, madarasa yalifurika. Mwaka 2005, shule 121 za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias, hii ya pili sasa ikiwa ndani ya kaunti ya Kakamega, zilipata fedha za kuajiri mwalimu wa mkataba ili darasa la 1 ligawanywe makundi mawili. Karibu nusu ziligawa watoto kama kwa kura. Nyingine ziligawa kwa alama. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliwapima baada ya miezi 18. Shule zilizogawa kwa alama zilitangulia, na hata waliowekwa upande wa chini walinufaika. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mwalimu mwenye watoto wanaokaribiana aliweza kuanzia pale walipo. Mzazi anayetaka mwanawe ahamishwe mkondo afadhali aulize kwanza huko chini wanafundishwa nini, na nani.

"Amini tu, utapita." Si kweli, imani ikiwa peke yake.

Tom Osborn, Mkenya aliye mmoja wa waanzilishi wa shirika la Shamiri, alichapisha na wenzake mwaka 2021 jaribio lililofanyiwa wanafunzi wa sekondari wenye dalili za huzuni nzito na wasiwasi. Kwa majuma manne, vijana waliomaliza shule si zamani waliongoza vikundi vyao kujadili kwamba mtu hubadilika, kushukuru, na kuishi kwa maadili anayoyathamini. Dalili za wanafunzi hao zilipungua kuliko za waliofundishwa mbinu za kusoma. Kulikuwa na kikundi, kiongozi na mazoezi.

Marekani nako, utafiti wa David Yeager na wenzake wa mwaka 2019 uliwapa wanafunzi zaidi ya 12,000 somo lisilofika saa moja, kwamba akili hukua kwa mazoezi. Waliokuwa nyuma walipanda kama sehemu moja ya kumi ya alama, katika kipimo cha 0 hadi takriban 4. Faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi walikuwa na desturi ya kujaribu maswali magumu. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anayetoka kwenye siku ya kuombea mtihani na moyo wa kujaribu, jioni hiyohiyo anahitaji mwalimu aliyebaki shuleni kumsahihishia karatasi.