Mtambue besi kabla ya kumtia kapuni

Samaki aina ya besi aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka wa 1929 kwa uvuvi wa burudani. Hutambulika kwa mdomo mpana: taya la juu hupita nyuma ya jicho, na mstari mweusi hupita ubavuni hadi mkiani. Tilapia ana mdomo mdogo.

Besi huwinda samaki wadogo na kamba wa maji baridi, hivyo chambo bandia kinachosogea humvutia kuliko ugali. Aliye mchanga arudishwe majini upesi, kwa mikono iliyoloweshwa, apate kukua na kuzaana.

Wakazi wanakumbushwa kuwa na leseni ya uvuvi, na kuepuka kando ya mafunjo alfajiri na jioni. Huko ndiko viboko hupita.